Vita vya Tone la Maji ya Ndoo

Njoni, enyi mlioketi na mliosimama, nanyi mnaopita njiani mkijifanya hamsikii. Wekeni vikombe chini niwasimulie habari za wifi yangu, mke wa kaka yangu, Simbajike wa Hadubini, Mpasua Tone, aliyelikabili jeshi la viumbe wasiojaa ncha ya ukucha. Asiyeamini na aende zake, nafasi yenyewe finyu.

Jueni kwanza chanzo cha vita. Mama yangu, Malkia wa Mabeseni, hufuga vifaranga wa kambare katika chumba cha nyuma, na mara mbili walikuwa wamemfia wote. Asubuhi ile kizazi cha tatu kilikuwa kimemaliza kiini cha yai walichozaliwa nacho, wakawa wanazunguka beseni wakitafuta riziki. Mama alikwisha apa kwamba wakifa na hawa, mabeseni atayafulia nguo. Chakula kilichokuwapo ni ndoo moja ya maji ya kijani aliyoitunza kwa wiki kadhaa, na ndani yake vidudu wakirukaruka. Kama ni viroboto wa maji, basi ni karamu. Kama ni Chongo, yule mdudu mwenye jicho moja ang'ataye vifaranga wachanga, basi ni maangamizi. Kwa macho matupu wote walikuwa vumbi linalotembea.

Simbajike akakunja mikono ya blauzi, akaishusha hadubini kutoka juu ya friji, akadondosha tone kwenye kioo, akainama. Jicho jeusi likamtazama kutoka chini, moja tu, bila haya.

"Ewe Malkia," akanguruma, "jicho ni moja. Adui yumo ndani. Mwaga ndoo."

Mama, ambaye kwa habari mbaya haambiwi mara mbili, akainyanyua ndoo, uso umemshuka. Mimi nikamfungulia mlango, maana kazi ya wifi mtu ni kusaidia pale mambo yanapoharibika.

Ndipo Mpasua Tone akainua kichwa ghafla. Alikumbuka kwamba kiroboto wa maji naye ana jicho moja, na kwamba hata chuoni alidanganyika hapo hapo. Kinachowatenganisha ni uzazi. Chongo huning'iniza mifuko miwili ya mayai kandokando ya mkia, mithili ya mtu atokaye sokoni. Kiroboto hubeba yake mgongoni, ndani ya gamba.

"Mama, simama hapo ulipo," akasema. "Nimelihukumu jicho kabla sijauona mgongo. Niache nimlaze ubavu huyu mnyama, na nikikosea tena, unimwage mimi pamoja na ndoo."

Mama akasimama kizingitini, ndoo mkononi. Vita vikapamba moto. Mnyama akaruka kaskazini, akaruka kusini, akatoka kabisa nje ya upeo wa kioo. Shujaa akachomoa silaha yake, kipande cha karatasi ya chooni, akakigusisha ukingoni mwa tone. Maji yakanywewa taratibu, bahari ikawa dimbwi, dimbwi likawa unyevu, na jitu lile likabanwa, likalala ubavu.

Akaliona gamba la mviringo, angavu, hata utumbo wa kijani ulionekana ndani. Akaziona pembe zenye matawi ya kuogelea. Mkiani hapakuwa na mifuko. Na mgongoni walijipanga watoto, kila mmoja na kijicho chake. Akapima tone jingine, na jingine, wote wakawa ukoo ule ule.

"Ni viroboto, mama," akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Rudisha ndoo."

Mama hakurudisha mpaka alipoinama mwenyewe, akafumba jicho moja, akachungulia. "Kumbe mjamzito," akasema, akarudi chumba cha nyuma.

Ndoo ikamiminwa. Vifaranga wakajitosa vitani, vitumbo vikawajaa. Na wale viroboto tuliowaokoa wasimwagwe, hakuna hata mmoja aliyeliona jua la adhuhuri. Historia ina ukatili wake.

Mama alisimama juu ya beseni, akakohoa kidogo bila kuwa na kikohozi.

"Wamekula?"

"Wamekula, mama," akajibu Mpasua Tone.

"Haya, njoo na wewe ule. Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni."

Basi na ikumbukwe katika tarehe za ukoo wetu, vizazi na vizazi, kwamba siku ile Mpasua Tone alikula akiwa ameketi kwenye kiti cha mama, nami, binti wa kuzaliwa wa nyumba ile, nikapewa ndoo niikoshe.