Bahari Ije Ichukue Mwani Wake

Kamati ya Maji ya Kitongoji,
Nyuma ya Issuna, Ikungi,
Singida.

Mheshimiwa Msimamizi wa Bahari,

YAH: MALI YENU ILIYOKUTWA KWENYE LAMBO LETU

Shikamoo, maana umri wako hatuujui na hatutaki lawama. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita lambo letu, ambamo watu na mbuzi tunakunywa pamoja bila ugomvi, lilifunikwa na kitu cha kijani kinachoelea na kunuka. Tulibaki kushangaa, hadi tulipoona kwenye runinga ya Noel mwenye duka ufukwe wenu umejaa mwani, kijani kile kile. Dukani wote walinigeukia mimi, mwenyekiti wa kamati. Shaka ikaniisha. Malalamiko yetu ni haya:

1. Bahari ni kubwa. Inakuwaje uchafu wake ukose pa kukaa mpaka upande huku kwetu, ambako hata samaki wake hawajawahi kufika wakiwa wabichi?

2. Mbuzi wa Mzee Laurenti wamekufa. Mjukuu wangu Flora anaharisha, hata uji haukai, na roho inaniuma kweli. Daktari aliniuliza huwa tunafanya nini pale lamboni. Nilimjibu kwa adabu akaiulize bahari.

3. Kamati haikulala. Tumepiga marufuku nazi. Stumai, aliyekuja kutoka Tanga kujifungulia kwa mama yake, tulimsimamisha barabarani na tumbo lake lile, tukamsugua miguu kwa majivu asije akatuletea mwani mwingine. Alitutukana kwa Kinyaturu, ndipo tukaamini ni wa kwetu. Pamoja na juhudi zote hizo, ukijani umezidi.

4. Hivyo tunaomba mje muuchukue. Mkishindwa, basi Singida itangazwe mkoa wa pwani, tupewe bandari na meli hata moja ya kuanzia. Haiwezekani sisi tubebe uchafu wa bahari halafu upepo wake mpunge ninyi.

Wasalimie wote huko, na walioko majini kikazi wasisahaulike. Mke wangu Editha anawasalimu pia. Hakubaliani na barua hii, ila kalamu ni yake.

Ni mimi, kwa heshima na kiu,
Antipasi Hosea,
Mwenyekiti.

N.B. Mkija, fikeni mchana. Asubuhi lambo lina shughuli: kila kaya ina zamu ya kufulia humo mifuko ya mbolea, ili tukitia alizeti isishike harufu. Mbolea inayobaki hatuitupi ovyo, tunaikung'utia majini mpaka iishe. Utaratibu huo niliuanzisha mwenyewe mwezi huo huo uliopita, na hakuna aliyelalamika. Tafadhali mje na maji ya kunywa. Flora ameyakataa haya.