Chumba cha Sultani, Mocímboa da Praia

Jumatatu, 4 Juni 2012

Gesi imeonekana baharini na mji mzima umerukwa na akili. Kila mwenye kibanda anajiita mwenye hoteli. Luzia, jirani yetu aliyeshuka kutoka Mueda, amepaka chokaa vyumba vyake, ameweka viti vya plastiki barazani, basi tayari ni pensão, nyumba ya wageni. Plastiki! Mgeni wa maana anataka mtaa wa kale, kuta za mawe, mlango wa nakshi. Nyumba ya hivyo ni moja tu, ya shangazi yangu Zainabo. Ina kasoro ndogo: Shangazi anaishi ndani.

Jumanne, 5 Juni

Nimemwambia Shangazi paa linataka kuanguka, ahame kidogo nilitengeneze. Akaniangalia sana. Akauliza tangu lini mimi hupanda ngazi. Wazee hawana shukrani. Mwishowe kafunga godoro lake, kahamia kwa Luzia! Haya. Chumba cha nyuma nimekiita Chumba cha Sultani. Kinanuka. Nimefukiza udi. Sasa kinanuka mara mbili.

Alhamisi, 7 Juni

Amekuja Raimundo, mpima ardhi wa watu wa gesi, anatafuta pa kulala mtaa wa kale. Kijana wa Maputo, viatu vizito, Kiswahili cha kuokoteza. Nikamweleza kwamba sultani mmoja alilala humu, na siku ya kuondoka akalia. Raimundo akavua kofia. Begi likashuka chini. Amekwisha kunasa!

Ndipo Shangazi akaingia kufuata kuku wake. Raimundo akamwamkia, akamuuliza habari za sultani. Shangazi akanitazama mimi kwanza.

"Mwanangu," akamwambia, "humu marehemu mume wangu alikuwa akiweka papa mkavu. Ukilala humu, kesho paka watakufuata mpaka kazini."

Raimundo akacheka mpaka akakaa chini. Akamuuliza yeye Bibi analala wapi. Kisha akabeba begi, akamfuata. Kuku pia akambebea. Mtu mzima, amesoma, anabeba kuku.

Jumamosi, 9 Juni

Nimekwenda kumrudisha Shangazi. Nimewakuta kwa Luzia, yeye na Raimundo, wanakula pweza wa nazi kwenye viti vile vile vya plastiki. Luzia akanipa sahani. Nilikula kwa dharau.

Shangazi akasema nyumba ile ameitia ubia na Luzia. Luzia ataitengeneza, yeye atawapikia wageni. Nikauliza, na mimi, damu yake?

Hakupandisha sauti. "Ungeniomba, Nurdine, ningekupa. Wewe umeona rahisi kunitoa."

Pweza akanikwama kooni. Luzia ndiye aliyeniletea maji, kwa upole kabisa. Upole wa kuniumiza, namjua.

Jumatatu, 11 Juni

Nimefikiri sana. Ati ningeomba! Mfanyabiashara haombi. Mpango ulikuwa safi, kasoro ni Shangazi: anasikia kila kitu na ana jibu la kila kitu.

Kesho naenda Palma. Huko wageni wa gesi ni wengi kuliko vitanda, na mama mkwe wangu ana nyumba ya zamani karibu na msikiti. Nitamwambia ukuta una ufa. Ni mzito wa sikio la kushoto. Nitakaa kushoto kwake.