Mkaguzi wa Ndege ya Ilula

Bushiri wa Ilomba hakuwahi kumwibia mtu. Watu walimpa wenyewe, kwa mikono miwili, na wengine wakamshukuru. Pale Mbeya mjini alishauza bima ya kuku, vibali vya kuchimba visima, hata nafasi ya mbele kwenye foleni ambayo haikuwapo. Lakini mji, hata uwe mkubwa vipi, wajinga wake huisha. Mwaka huo wa Mbeya walikuwa wamekwisha, na walioerevuka walikuwa wakimtafuta.

Ndiyo maana alikuwa ndani ya basi la kwenda Dar es Salaam. Basi likasimama Ilula, abiria wakaanza kugombania nyanya madirishani. Bushiri hakununua kitu. Nyuma ya vibanda, kwenye banda moja la mabati, mkia wa ndege ulikuwa umechomoza.

"Dada, kile nini?" akamwuliza muuza nyanya.

"Ndege ya Mwalimu Verediana," dada akajibu, kama anayetaja banda la kuku. "Alikuwa anafundisha ufundi chuma, akastaafu. Mwaka wa saba huu anaitengeneza. Sasa anasubiri wakaguzi wampe kibali, wenyewe hawaji."

Yapo maneno mawili ambayo tapeli akiyasikia damu humchemka: *anasubiri* na *kibali*. Bushiri akashusha begi lake.

Akarudi Iringa mjini, akakaa siku tatu. Akanunua kizibao cha kung'aa na kofia ngumu, akachongesha mhuri, akatafuta kwenye simu sheria za ndege za kujitengenezea. Zilikuwa kurasa arobaini. Akasoma mbili, akaridhika. Katika kazi yake, kurasa mbili zilikuwa usomi wa kupitiliza.

"Kamwene, mama," alisalimu kwa Kihehe mlangoni pa banda. "Mhandisi Farhan, ukaguzi wa ndege za majaribio."

Mwalimu Verediana alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi. Akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. Kwenye viatu akakawia kidogo.

"Bwana asifiwe," akasema. "Miaka miwili naandika barua. Karibu chai, mhandisi."

Baada ya chai Bushiri akaizunguka ndege. Ilikuwa ya bati za alumini, na puani ilikuwa na injini iliyotolewa kwenye Volkswagen ya zamani. Akagonga hapa, akachungulia pale, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Kazi nzuri, mama. Ila matairi haya yamechoka, siwezi kuyapitisha. Halafu kuna suala la ada."

"Ada si tatizo. Nina shemeji yangu Chunya, Jailos, ana mgodi. Barabara za kule unazijua, vumbi na majambazi. Anataka ndege hii imbebee dhahabu. Siku kibali kikitoka ananunua, na amesema mkaguzi hatamsahau. Atamtunza kwa dhahabu yenyewe."

Bushiri akaisahau ada papo hapo. Aliyeona papa hahangaiki na dagaa.

"Kimebaki nini?" akauliza, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Bawa la kushoto. Nusu haijapigwa riveti za kubana bati, na vidole vyangu ndiyo hivi unavyoviona. Matairi nayo, kama ulivyosema."

"Si uajiri fundi?"

"Sheria, mhandisi. Unazijua kuliko mimi."

"Ah, sheria!" alisema Bushiri, asijue hata ni sheria gani. "Basi nitakushika mkono mwenyewe. Serikali ni ya watu."

Akavua kizibao. Alidhani ni kazi ya siku mbili. Ikawa wiki mbili. Alitoboa, akapiga riveti, akang'oa alizokosea, akapiga tena. Usiku alilala chumba cha wageni akikandwa mabega na ndoto za dhahabu. Akauza simu yake ya pili, akaenda Iringa kununua matairi kwa fedha yake mwenyewe. Alihesabu kwamba ni mtaji.

"Hii imekaa upande," Mwalimu alikuwa akisema, miwani puani. "Itoe."

"Mama, nani ataiona?"

"Hewa itaiona."

Jioni moja Bushiri alitazama mstari mzima wa riveti alizopiga asubuhi, akaona haujanyooka. Akaung'oa na kuurudia bila kuambiwa na mtu. Alipomaliza akajishika paji la uso, kuona kama ana homa.

Siku bawa lilipokamilika, barua za Mwalimu zikajibiwa: gari la serikali likaingia uani. Akashuka mama mfupi mwenye tochi, kioo kidogo cha mkononi na kitambulisho kisichochongeshwa Iringa. Alikuwa Mhandisi Batuli, mkaguzi wa ndege, wa kweli.

Miguu ya Bushiri ilishaanza safari kuelekea kwenye mahindi. Mwalimu akamshika kiwiko.

"Mhandisi Batuli, huyu ndiye kijana aliyejitolea kunisaidia bawa la kushoto."

Batuli alikagua kwa saa tatu, hakuacha hata kona. Kisha akafungua daftari la kazi, akamkazia macho Bushiri.

"Wewe, umelipwa kiasi gani? Sema ukweli. Kazi ya fundi wa kulipwa siihesabu, na mwenye ndege asipofikisha nusu ya kazi bila fundi huyo, kibali hapati."

Bushiri akaangalia mlango, akaangalia Mwalimu.

"Sijalipwa hata senti," akasema.

Batuli alishasikia uongo wa kila aina katika kazi yake. Aliona wazi kwamba huyu anasema kweli. Akaomba kitambulisho, akaandika kwenye daftari: Bushiri. Mwalimu hakupepesa hata kope.

"Kibali nakupa," alisema Batuli. "Saa arobaini za majaribio, mbali na nyumba za watu, bila abiria. Na hata baada ya hapo, ni marufuku kubeba mtu au mzigo kwa biashara."

"Hata dhahabu?" Bushiri akaropoka.

"Hata nyanya."

Gari lilipoondoka, Bushiri akakaa juu ya ndoo.

"Sasa mama, Jailos tutamwambiaje?"

"Jailos gani? Mimi sina shemeji Chunya." Mwalimu alikuwa anafuta bawa kwa kitambaa. "Ukurasa wa tatu wa sheria, mwanangu: biashara marufuku. Mkaguzi wa kweli angenicheka siku ile ile nilipotaja biashara. Nilikuwa nakupima tu. Wewe ukauliza kimebaki nini."

"Umenitumikisha!"

"Fundi wa kulipwa angenikosesha kibali, na hapa Ilula wote wananiona kichaa. Nilihitaji mtu wa bure. Nikasali, ukaja na kofia."

Bushiri akainuka kwenye ndoo. "Basi nauli tu, mama."

"Nauli sikupi. Ikijulikana nimekulipa, kibali kitafutwa." Akamfungia viazi vya kuchemsha, akampa mkono. Halafu akaongeza, taratibu: "Lile bawa ni zuri lakini."

Akapata lifti ya lori la kurudi Mbeya; asiye na nauli hachagui upande. Dereva, Danieli, alikuwa mtu wa maongezi.

"Kaka, unafanya kazi gani?"

Bushiri alikuwa na majibu manane ya swali hilo, yote yamenyooka. Lakini mabega yalikuwa yanamuuma.

"Nimetengeneza bawa la ndege," akasema. "La kushoto."

Danieli akacheka. Wakapita Iringa anacheka, wakafika Mafinga bado anacheka.

"Matapeli nimebeba wengi," alisema akifuta machozi, "lakini wewe, kaka, hata uongo hujui."