Usiku wa Kumchunguza Beno

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimerudi dukani na chai mkononi, wakanyamaza. Wote wawili! Beno akaanza kukunja kitambaa kilichokwisha kunjwa. Hyasinta akatazama dari. Dari letu halina kitu. Nimelitazama mwenyewe, dakika nzima.

Kabla sijaingia nilisikia maneno matatu juu yangu: "Pantaleo asijue kwanza."

Beno ni rafiki yangu tangu shule, Masasi. Tuna fremu moja ya duka hapa Kariakoo: yeye anauza vitambaa vya mapazia, mimi nashona. Hyasinta anauza mashuka fremu ya jirani. Miaka miwili najiandaa kumwambia nampenda. Bado najiandaa. Jambo kama hili halitaki pupa. Na sasa Beno ananizunguka!

Sitamuuliza. Ukimuuliza mtu unampa nafasi ya kutunga uongo. Nitamlewesha.

Alhamisi, 14 Agosti

Mpango umekamilika. Nimewaambia kesho tutoke, tuzunguke baa za mjini, maana tuna miaka tisa Dar na hatujui mji unafananaje usiku. Beno kakubali haraka. Haraka mno! Hyasinta kauliza kama Beno naye anaenda. Nimeandika saa aliyouliza: nane na dakika tano mchana. Chintan wa Upanga, anayetuletea zipu na nyuzi, ataendesha gari. Hanywi pombe. Safi. Nitakuwa na shahidi mwenye akili timamu.

Jioni nimepita baa ndogo karibu na Mnazi Mmoja. Ndiyo niliyowaambia itakuwa kituo cha mwisho. Nimepanga na mhudumu, anaitwa Chiku: Beno apewe Konyagi tupu, mimi niletewe maji kwenye glasi ya aina ileile. Rangi ni moja, nani atajua? Chiku kakubali, kisha kacheka. Nimemuuliza anacheka nini. Kasema hakuna. Simwamini.

Jumamosi, 16 Agosti, asubuhi

Sijalala. Naandika yote ya jana.

Kituo cha kwanza: baa ya ghorofani katikati ya mji, juu kabisa. Mlinzi kasema makubazi hayaruhusiwi. Wenzangu wakapanda! Nikabaki chini dakika ishirini, mpaka Chintan aliponihurumia, akashuka kunitolea raba zake kwenye buti la gari. Zinanipwaya kama ndoo. Nimemuuliza Chintan, Beno na Hyasinta walikuwa wanafanya nini huko juu. Kasema wanaangalia taa za Kigamboni. Kila mtu ana jibu lake tayari.

Kituo cha pili: ukumbi wa bendi, hukuhuku Kariakoo. Nilikaa katikati yao kwa makusudi. Kumbe katikati yao ndipo mbele ya spika. Wakawa wanaongea nyuma ya shingo yangu. Nimeambulia neno moja: "leo." Leo nini? Hyasinta akaninyooshea mkono tukacheze. Nikakataa. Nikicheza, nani atamchunga Beno? Alisimama pale mkono hewani karibu nusu wimbo, kisha akaketi.

Kituo cha tatu: kwa Chiku. Glasi zikaja. Ya tatu, Beno akaanza kulegea. Nami nikajilegeza, asije akashtuka. Ya tano, akamlilia mwalimu wetu wa hesabu. Nikalia naye. Hyasinta akasogeza kiti mbali. Chintan akala chipsi zake kimya.

Nikasema sasa! Lakini Beno akaniwahi. Akanishika kola, ulimi mzito.

"Panta, ndugu yangu, niambie ukweli. Una mke Masasi?"

Akili ikanijia kama umeme. Anampima mpinzani! Nikisema sina, atakaza. Nikisema ninaye, ataona njia nyeupe, atajisahau na kutoa siri zote.

"Ninaye," nikasema kwa sauti. "Na watoto watatu. Wa mwisho tumefanana hadi masikio."

Beno hakutoa siri. Alinyooka kwenye kiti, macho makavu kabisa. Hyasinta akachukua mkoba wake, akamwomba Chintan amrudishe nyumbani. Hakuniaga. Hatia hiyo!

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Nimerudi kwa Chiku kumuuliza Beno aliropoka nini nilipokwenda msalani. Kacheka mpaka kaweka trei chini.

"Mlevi yupi, kaka? Mwenzio alikuja Alhamisi kabla yako, wewe hujafika hata barabarani. Anataka yeye apewe maji, wewe Konyagi. Nikaona bora nyote mrudi salama, nikawapa maji. Sijawahi kuona watu wanalia kwa maji!"

Kwa hiyo Beno alitaka kunilewesha mimi! Mtu gani anamlewesha rafiki yake ili amchunguze?

Jumapili, 17 Agosti

Beno katoka misa, kaja kwangu, hakusalimu. Nimemwambia najua kila kitu. Kasema sijui chochote.

Hyasinta ndiye aliyemtuma. Kila jioni napigiwa simu na mwanamke anaitwa Tatu, natoka nje kuongea. Alitaka kujua kama nina mtu, kabla moyo wake haujafika mbali. Moyo wake! Tatu ni dada yangu. Natoka nje kwa sababu ya kelele za cherehani!

Nimemuuliza Beno kwa nini hakuniuliza waziwazi.

"Panta, wewe ukiulizwa saa ngapi, unauliza anayetaka kujua ni nani."

Kasema Hyasinta alilia njia nzima, Chintan kamsimulia. Nimekaa kitandani mpaka giza likaingia. Miaka miwili ya kujiandaa, kisha nikajiozesha mke asiyekuwepo.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeenda kwa Hyasinta kabla sijafungua duka. Hakuinua macho. Nikamwambia nilidanganya, sina mke wala mtoto, nilidhani yeye na Beno wana jambo. Kauliza kumbe hivyo ndivyo ninavyomfikiria. Nikakubali. Mteja akaingia kuulizia shuka la sita kwa sita, akafungua sita, hakununua hata moja. Nikasubiri. Alipotoka, hotuba yangu yote ikaniponyoka.

"Nakupenda. Miaka miwili sasa. Basi."

Kachukua simu yangu, kampigia Tatu, kaweka sauti kubwa. Kamuuliza kama kaka yake ana mke. Tatu kasema, "Huyo? Nani amchukue? Ukoo mzima tumemtafutia, tumechoka." Sijawahi kutukanwa vizuri hivyo.

Hyasinta kacheka. Kidogo, lakini kacheka. Jumamosi atanipeleka Kigamboni kwa shangazi yake, ndiye aliyemlea. Sharti moja: nisimfanyie hila tena, nikitaka kujua kitu, nimuulize. Nimeapa, mkono juu ya mashuka.

Jumanne, 19 Agosti

Siku nzuri. Nimeshona mapazia manne huku naimba. Beno kanisamehe.

Lakini usiku nimefikiri. Kwa nini Jumamosi? Kwa nini si kesho? Siku zote hizo shangazi anaandaa nini? Na kwa nini Hyasinta alitabasamu alipomtaja?

Kesho navuka kwenda Kigamboni na kivuko cha kwanza cha Magogoni. Nitajifanya natafuta kiwanja, niwadodose majirani wa shangazi taratibu. Miwani myeusi nimeshaazima. Kiapo hakijavunjika. Niliapa kutomfanyia hila Hyasinta. Shangazi hakutajwa.