Lori Moja Tu Mlimani

Jumatatu, 3 Juni

Shajara yangu, salamu nyingi. U hali gani humo drooni? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila nina vita. Binti yangu anaolewa Jumamosi, na shemeji, kaka wa mke wangu, anataka kumpeleka kanisani kwa pikapu lake jipya. Na mimi baba mzazi je? Nina gari langu kubwa la dizeli, zee lakini la heshima. Nikanung'unika. Binti akacheka: "Baba, ukiweza kulipita lori moja tu pale mlimani, nitapanda lako. Sitaki kufika nanuka moshi."

Lori moja! Kumbe neno dogo hivyo.

Jumanne, 4 Juni

Nimejaribu. Mbele lori la mbao, barabara nyeupe. Nikaomba kwanza, kama desturi yangu. Kufika kwenye "amina", basi linanijia. Nikarudi mkiani. Mke wangu ameshauri niwe nasali kabla ya kutoka nyumbani. Mara ya pili nikakanyaga mafuta bila sala. Ngurumo, moshi mweusi, mwendo ule ule. Dereva wa lori akanipungia mkono. Huruma tupu.

Jumatano, 5 Juni

Fundi amesema injini haina kosa. Dizeli ya zamani, eti, ni kama mzee aliyeitwa akiwa chumbani: ataitika, lakini mwache avae viatu kwanza. Nipunguze gia, nikanyage mapema. Pia nipunguze mzigo. La mapema halikuniingia. La mzigo limeniingia sana! Tumeng'oa kila kinachong'oka. Fundi akauliza kama nina hakika. Nikamwambia asiwe na imani haba.

Alhamisi, 6 Juni

Nimelipita! Kweli lilikuwa linapanda kwa gia ya kwanza. Kweli dereva alikuwa anamenya chungwa. Kupita ni kupita. Nimempigia shemeji, kanipa hongera kwa sauti ya mtu anayemeza dawa.

Jumamosi, 8 Juni

Gari limeoshwa, limefungwa utepe. Binti akatoka na shela lake, vigelegele kila upande. Nikamfungulia mlango wa nyuma kwa adabu zote. Vigelegele vikakatika.

"Baba," akasema taratibu, "nikae wapi?"

Kiti cha nyuma kiko gereji. Gereji imefungwa. Fundi yuko kanisani; nimemwalika mwenyewe.

Shemeji akafungua mlango wake tu. Binti akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba bado mimi ndiye nitakayeingia naye kanisani, akapanda kwa mjomba wake. Langu, kwa kuwa lina nafasi, likapakiwa viti vya plastiki vya wageni. Viti vya kila mtu isipokuwa bibi harusi! Mlimani nikapitwa na lori la mbao. Dereva yule yule. Kapunga tena.

Jumapili, 9 Juni

Mahubiri ya leo yalihusu unyenyekevu. Nilimkazia macho shemeji ibada nzima, nikitumaini anasikiliza.

Kosa nimeshaligundua: vile viti vya plastiki ni vizito mno. Binti wa pili keshachumbiwa. Kiti cha nyuma nitakirudisha, lakini milango je? Inalemea bure. Tafadhali nijibu upesi, maana fundi anafungua kesho asubuhi.