Jinsi Anastasie Alivyoingia Mashine ya Mchezo kwa Mlango wa Masikio

Zimeni redio, enyi watu wa Baraka, wa Lweba na wa Sebele. Aliye na sufuria motoni aiepue, aliye na mtoto mlizi amnyonyeshe kabisa, kisha mkae. Leo hamsimuliwi majenerali wala miji iliyotekwa. Hizo mnazo tele na hazijawashibisha. Leo mnasimuliwa Anastasie binti Marie, jemadari wa vidole kumi, mtiisha-herufi, aliyeuvamia mji usiozidi kiganja cha mkono na kuuteka mchana kweupe. Asiyeamini akamwulize Roger fundi simu, maana kidole chake bado kina kovu la vita ile.

Ulikuwa mwaka ule ambao huko mbali walikuwa wameshatia sahihi kwamba vita vimekwisha, ila Fizi hakuna aliyeletewa taarifa. Wanajeshi walipanda kuelekea Minembwe, wengine wakashuka kutoka Bibokoboko, na sisi wa kandokando ya ziwa tulikuwa tumejifunza somo moja: ukisikia mtu anapiga kelele, shika furushi kwanza, kuuliza ni baadaye.

Mume wa Anastasie ni Bonaventure, muuza mashuhuri wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, bingwa wa kujibizana, mwanamume ambaye katika ndoa yao yote hakuliacha neno la mkewe lianguke chini bila kulidaka. Alikuwa njiani kwenda Lulimba na magunia yake bomu lilipoangukia karibu na lori. Alirudi na mikono yake na miguu yake. Masikio hayakurudi. Na lishikeni hili, maana ndilo shina la kisa: kabla ya kuondoka, alikuwa amemgawia ndugu yake mbuzi wa mama yake Anastasie bila kumwuliza mtu. Anastasie alizipata habari hizo mume akiwa ameshapanda lori. Akauandaa ugomvi wake vizuri, akaupanga mdomoni mwanzo hadi mwisho, akamngoja. Akaletewa mtu asiyesikia.

Tangu hapo nyumba ile ikanyamaza. Akimwandikia karatasi, Bonaventure aliikunja bila kuisoma na kuwashia moto. Akimfanyia ishara, aligeuza uso. Macho yake yote aliipa mashine ndogo ya mchezo, zawadi ya Junior, mpwa wake aliyebahatika kupanda ndege kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania hadi Norway. Humo ndani mlikuwa na kigari chekundu kilichokimbia siku zote bila kufika popote, na Bonaventure akakimbia nacho, akitabasamu peke yake. Mwaka mzima Anastasie alivumilia. Kumkosa mtu aliyeketi mbele yako ni uchungu, jamani. Alilia jikoni na kuusingizia moshi.

Hata siku moja, akitwanga sombe, majani ya mhogo, mchi ukasimama hewani, naye akajiambia, “Kama macho yake haitoke mule ndani, basi ni mi nitaingia.”

Akaondoka na kitenge chake, akatwaa silaha yake, akaenda kufanya baraza la vita katika kibanda cha Roger, karibu na soko, chini ya paneli ya jua iliyopasuka pembeni. Akakifungua kitenge. Ndani yake mlikuwa na kibodi ya kompyuta, au kama tuitavyo wenyewe, klavye. Nyeusi, pana, yenye waya mrefu na herufi zilizofutika kwa kazi.

“Roger, usikie muzuri,” akanena Anastasie, mkono kiunoni. “Mi nilikuwa dactylo, mwenye kupiga mashini ya kuandika, ku biro ya serikali ya territoire kule Fizi wakati we ulikuwa unatambaa. Basoda na bunduki zabo baliingia, babeba ekra bakizani ni televizio, babeba na kiti yangu. Klavye baliitupa chini, bakasema haina faida. Mi niliifunga ku mugongo sawa mutoto, nikashuka nayo kwa miguu mpaka hapa. Kalamu iko polepole. Nikimaliza mustari moja, bwana ameshaenda. Lakini na hii, ninaandika mbio kupita mudomo. Uifunge kwa kamashini yake. Maneno yangu ipite kwa ile kioo anaangalia.”

Roger akaweka chini kijiti chake cha moto cha kuunganishia nyaya, akajipangusa jasho, akajibu kwa uzito unaostahili. “Mama Anastasie, njia iko. Iko programu ya klavye, lakini haikutoka kwa benye kutengeneza kamashini. Bale bakijua, batakasirika. Ni vijana tu baliiandika mu nyumba zabo, bakaiweka ku intaneti, na mi niliitoa kule Uvira. Waya tutaiingiza kwa tundu ya ekuter, ile ya kusikilizia. Ndiyo mulango moja tu kamashini inakubali. Lakini nikuambie kweli: inaweza kukataa, na ikikataa imekufa. Ile gari nyekundu haitarudi. Sasa we ujiulize, bwana yako atabakia na nini?”

Hapo shujaa wetu akaushusha mkono wake kutoka kiunoni. Kigari kile ndicho kitu pekee duniani kilichobaki kumtabasamisha mumewe, naye angekuwa ndiye aliyekiua kwa mkono wake. Akaitazama klavye. Akakitazama kile kitundu alichokuwa akionyeshwa na Roger kwenye simu nzee.

“Tundu ya masikio,” akasema taratibu. “Yeye haiitumikishe tena. Ingiza.”

Asubuhi iliyofuata, Bonaventure aliposhuka ziwani kuoga, kama ilivyokuwa desturi yake, kukaa huko hadi jua lipande, ngome ikabaki bila mlinzi juu ya mto wa kitanda. Anastasie akaiteka bila kumwaga tone la damu, akaifunga kitengeni, akavuka soko kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua chumvi. Roger akaipokea. Akakichoma kidole chake, akatukana kwa Kibembe, akachoma waya. Akafunga betri ya simu kwa mpira ili klavye ipate chakula chake. Akaingiza kadi yenye ile programu ya vijana, akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi.

Kikakaa cheusi, na Anastasie akakiona kigari chekundu kikizikwa. Roger akaisogeza mashine karibu. Akaitoa kadi, akaifuta kwenye shati, akaipuliza, akairudisha. Na tazama, kioo kikapambazuka cheupe, kikiwa na kimstari kimoja kinachopepesa pembeni. Anastasie akanyoosha kidole cha shahada, akagusa. Ikatokea herufi moja, *a*, ndogo, imesimama peke yake.

“Andika ingine, tuone,” akasema Roger.

“Hapana. Maneno ya bwana yangu siiharibu kwa kujaribu.”

Bonaventure aliporudi kutoka ziwani aliikuta mashine yake palepale kwenye mto, ikiwa na mkia. Akaishika. Waya ulishuka kitandani, ukapita chini ya kiti, ukaishia chini ya kitenge mapajani mwa mkewe, aliyekuwa ameketi wima kama siku zile za biro. Kabla hajauliza, kioo kikaanza kunena. Vidole kumi vikashuka vitani kwa pamoja, na herufi zikapita mbio mbele ya macho yake:

*Bonaventure usigeuze uso. Mbuzi ya mama yangu ulimupatia ndugu yako bila kuniuliza. Mwaka muzima ninangoja nikuambie. Ulinifanyia vibaya na unaniacha peke yangu mu hii nyumba.*

Akasoma. Akasoma tena. Shingo yake ikavimba taratibu, na yule bingwa wa zamani akainuka kutoka mahali alipokuwa amelala mwaka mzima.

“Ile mbuzi ilikuwa mugonjwa,” akanguruma, kwa sauti ambayo mwenyewe hakuisikia, ila waliokuwa mitumbwini waliisikia vyema.

Mtaa mzima ukashika mafurushi. Mama Georgette, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameshafunga godoro na kuku yupo kwapani, ndipo akasimama mlangoni na kutega sikio.

“Mungoje,” akawaambia wenzake. “Ni mambo ya mbuzi.”

Wakayatua mafurushi, wakayakalia, wakasikiliza. Walimsikia mwanamume akipiga kelele, na kila baada ya kelele, mvua ndogo ya vidole. Sombe ikaungua jikoni, hakuna aliyejali. Kisha betri ikaisha, kioo kikazimika katikati ya neno, na kimya kikarudi. Anastasie akakaa na vidole vyake hewani, macho yamejaa, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Bonaventure akaitikisa mashine. Akaigeuza, akaitazama ile betri iliyofungwa kwa mpira, akaufuata waya kwa macho hadi mwisho wake, hadi kwenye mapaja, hadi kwenye uso wa mkewe, na hapo macho yake yakatua.

“Tafuta betri ingine,” akapaza sauti. “Sijamaliza.”

Basi watoto wenu wakiwauliza ni lini watu wa Baraka walisikia makelele wasikimbie, waambieni: ni siku ile Anastasie binti Marie aliporudishiwa ugomvi wake. Na yule mbuzi, ili historia isije ikapotoshwa, hakuwa mgonjwa hata kidogo.