Mawese kwenye Ekseli

Jumatatu, 1 Julai 2024

Siku ya tisa bila Claudine. Yuko kwao bondeni, ng'ambo ya kijito. Nikisimama mlangoni naona moshi wa jiko la mama yake. Nimekula muhogo wa jana. Mgumu.

Kosa langu linajulikana kijiji kizima, kwa hiyo naliandika mara moja tu. Miaka kumi na miwili nimepinda mgongo kwa kubeba muhogo kutoka shamba la juu. Nikaamua gunia lishuke lenyewe. Likashuka. Sikuliambia lipite jikoni. Ukuta ukalala chini, na mke wangu alikuwa ametoka humo kuchota maji, hata dakika haijapita.

Jiko lenyewe lilikuwa limezeeka. Hilo hakuna anayelisema.

Jumanne, 2 Julai

Baba mkwe, mzee Nduwayezu, ametuma neno kwa Anania jirani yangu. Nifike Jumamosi na mtungi wa urwarwa, pombe ya ndizi, tuinywe kwa mirija na wazee wake, tuzungumze. Claudine atasikiliza. Hakusema atarudi. Atasikiliza.

Kwetu mtungi wa kuomba msamaha haupakiwi kwenye chombo cha usafiri. Unabebwa kichwani na mtu wa ukoo, wakwe waone kwamba una watu. Watu ninao. Hatusemezani. Kaka yangu Mpawenimana hajasahau siku niliyoteremsha mzinga wa nyuki kwa kamba. Shangazi hajasahau mbuzi.

Anania amejitolea aubebe yeye. Nikamshukuru, nikakataa. Anania akikusaidia Jumamosi, Jumapili kanisa zima linajua, mpaka waliokaa nyuma. Tena ndiye aliyembebea Claudine begi siku alipoondoka.

Jumatano, 3 Julai

Nimepeleka ndizi kwa Mwalimu Asmahani, anayefundisha fizikia. Amehamishiwa huku kutoka Pangani, na mpaka leo anavaa sweta saa sita mchana. Nikamuuliza kwa nini gunia langu lilikimbia vile. Akanieleza kwa upole kwamba dunia huvuta kila kitu chini, na kinachozuia ni msuguano. Gunia likikwaruza majani, huo ni msuguano. Tairi kwenye vumbi, msuguano.

Nikauliza kama unaweza kupunguzwa. Akasema ndiyo, ukipaka mafuta, lakini.

Sikuisubiri hiyo lakini. Watu wa lakini wamenichelewesha maisha yangu yote.

Alhamisi, 4 Julai

Kigari kimekamilika. Mbao nimezitoa kwenye mlango wa lile jiko. Magurudumu manne ya mti. Breki ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga. Ekseli nimezipaka mawese. Yakabaki kwenye bakuli, nikaona ni hasara kuyamwaga, nikapaka magurudumu, halafu breki pia, isije ikapiga kelele mbele ya wakwe.

Mpango ni huu. Kigari kitabeba mtungi hadi migomba ya mwisho kabla ya kwa mzee. Hapo nitautwika kichwani, nitaingia nimenyooka. Wakiuliza mtu wa ukoo yuko wapi, kwani mimi si wa ukoo wangu?

Jumamosi, 6 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nilikaa nyuma ya mtungi, nimeukumbatia. Nikampita Anania na baiskeli yake ya ndizi, anashuka huku ameminya gurudumu kwa soli ya katambuga, mwendo wa kusindikiza mgonjwa. Nikampungia mkono. Sijawahi kuwa na furaha vile tangu Claudine aondoke.

Kwenye kona ya kisima nikakanyaga breki. Haikupiga kelele hata kidogo. Kigari kikavuka daraja la kijito, kikapita migomba ya mwisho. Kikawapita wazee waliokaa na mirija mkononi, mmoja akaanza kuitikia salamu ambayo sikupata nafasi ya kuitoa. Kilisimama kwa sababu ya jiko la mama mkwe.

Ukuta ukalala chini.

Claudine alikuwa amesimama uani, karibu kabisa. Hakupiga kelele. Alitazama ukuta, akanitazama mimi niliyelowa urwarwa mpaka masikioni, akamwambia mzee, "Baba, si niliwaambia." Mzee Nduwayezu akafuta mrija wake, akaurudisha mfukoni.

Jumapili, 7 Julai

Mwalimu Asmahani amekuja kunipa pole ya mkono. Akaimalizia ile lakini yake. Msuguano ukiuondoa wote hakuna kinachosimama, alisema. Hata kutembea ni msuguano, mguu usiposhika ardhi huendi kokote. Nikamwambia angesema mapema. Akafunga vifungo vya sweta, akaaga.

Kikombe cha Claudine kiko pale pale alipokiacha, juu ya dirisha. Sikigusi. Namkumbuka. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna anayesoma daftari hili.

Jumatano, 10 Julai

Neno kutoka kwa Claudine. Aliyelileta ni Anania, nani mwingine.

Hataki mtungi. Hataki wazee. Hataki kuona kitu chochote chenye gurudumu. Kesho asubuhi atakaa kwenye jiwe la kijito, atazame mlima. Anataka nishuke kwa miguu, mikono mitupu, polepole, hatua kwa hatua, yeye akiniona. Nikifika hivyo mpaka chini, atapanda nami nyumbani. Nisipofika hivyo, nisije tena.

Anania alisema Claudine alikuwa analia alipokuwa anayasema haya. Nami nimelia kidogo. Nimekiosha kikombe.

Halafu nimepiga hesabu. Kwa miguu ni saa nzima. Saa nzima mke wangu anakaa kwenye jiwe la baridi, baada ya yote niliyomtendea! Si haki. Kutoka kwenye mti ulio nyuma ya nyumba hadi ng'ambo ya kijito, kwa kamba iliyokazwa vizuri, ni dakika nne. Kamba haina gurudumu. Mkono mmoja unatosha kuning'inia.

Anania ameniazima kamba bila kuuliza ya nini. Mawese yamebaki nusu chupa.